Mafuta Yetu Yasiishie Gatini

KUNA jambo moja ambalo sisi wa kusini tumelizoea mno hata hatulioni tena kuwa ni la ajabu. Kila msimu malori yaliyosheheni korosho na ufuta hupita katika barabara zetu kuelekea maghalani na bandarini Mtwara. Katika punje ya ufuta karibu nusu ya uzito ni mafuta. Kiini cha korosho nacho hakiko mbali na kiasi hicho, na karanga ni ndugu yao. Malori yakishapita, katika nyumba nyingi za vijiji vile vile vilivyotoa mali hiyo, tangu Mpapura hadi Msimbati, mtoto huketi mbele ya ugali wa muhogo na kisamvu kilichochemshwa kwa maji na chumvi. Muhogo hauna mafuta yanayofika hata sehemu moja katika mia ya uzito wake. Mafuta yamekwenda gatini, na chungu kimebaki kikavu.

Twaandika haya kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mwambao, na kwa viongozi wa Serikali wenye madaraka ya kupanga bajeti, kwa sababu tunaona kwamba pande zote mbili zina mazoea ya kuyahesabu mafuta kuwa ni kitu cha ladha tu. Fedha ikiwapo, mchuzi huungwa. Isipokuwapo, huliwa chukuchuku na maisha yakaendelea. Mazoea hayo hayalingani hata kidogo na namna mwili wa kiumbe hai ulivyoundwa.

Wataalamu wa elimu ya viumbe huvikusanya vitu hivi vyote chini ya jina moja la lipidi. Humo mna mafuta yanayotiririka na shahamu inayoganda, mna nta ya nyuki, mna kolesteroli, mna vitamini A, D, E na K, na mna homoni kadhaa. Kinachovifanya viwe jamaa moja si umbo bali ni tabia: vyote vinaukataa undugu na maji. Mwalimu asiye na maabara anaweza kulionyesha hilo darasani kwa punje moja ya korosho na kipande cha karatasi. Akiisugua punje hiyo karatasini, doa litokealo hupitisha mwanga, na hata likianikwa juani halitoweki kama linavyotoweka doa la maji.

Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1823 kwamba mafuta ni muungano wa vitu viwili. Kuna gliseroli, ambayo ni kiungo kifupi, na katika kiungo hicho huning'inia asidi tatu za mafuta. Leo tunajua kwamba kila asidi hiyo ni mnyororo mrefu wa kaboni uliopambwa na haidrojeni, na kwamba tofauti nyingi tunazoziona jikoni zinatokana na minyororo hiyo. Ile iliyonyooka hupangika kama boriti za mikoko zilizofungwa pamoja, ikashikana na kuganda. Ile iliyopinda, kwa kuwa imepungukiwa na haidrojeni mahali fulani, hukaa kama kuni za mkorosho: hata uzipange vipi, nafasi hubaki katikati. Ndiyo maana mafuta ya nazi, ambayo takriban tisa ya kumi ya asidi zake zimenyooka, hukutwa yameganda chupani alfajiri ya mwezi wa Julai, joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na hali mafuta ya ufuta katika chupa ya pili yanatiririka kama kawaida. Mama wa pwani alilijua jambo hili kabla ya Chevreul. Kilichokosekana ni jina lake tu.

Kazi ya lipidi inayojulikana zaidi ni kuweka akiba. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 za nguvu, na gramu moja ya wanga hutoa 4. Mbegu ni msafiri, na msafiri hachukui mzigo mzito bila sababu. Muhogo unaweza kujijaza wanga na maji kwa kuwa umetulia ardhini. Punje ya ufuta haina budi kubeba mche mchanga pamoja na masurufu yake yote katika mwili ulio mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Vitwitwi wanaoonekana kila mwaka katika matope ya mlango wa Ruvuma, wakitoka nchi za baridi za kaskazini, nao husafiri kwa shahamu waliyojiwekea kabla ya kuruka. Papa anayatumia mafuta kwa kazi nyingine kabisa. Hana kibofu cha hewa cha kumwelesha, bali ana ini kubwa lililojaa mafuta yaliyo mepesi kuliko maji ya bahari. Wazee wetu waliyachukua mafuta hayo, wakayaita sifa, wakayapaka katika mbao za vyombo. Na shahamu iliyochanganywa na chokaa ikawa deheni ya chini ya jahazi. Kisichopatana na maji ndicho kinachoweza kuyazuia.

Kanuni hiyo ya fundi wa majahazi ndiyo iliyoujenga uhai wenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kila kiumbe kimeundwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walizitoa lipidi zilizomo katika chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakaona kwamba zinafunika eneo la kadiri mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Maana yake utando ule ni wa tabaka mbili. Lipidi zinazoujenga huitwa fosfolipidi, na kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Hujipanga zenyewe, kama watu waliolala safu mbili, miguu ikikutana katikati na vichwa vikielekea nje. Ukiigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, unene wa ukuta huo ni kama sehemu tano tu. Nao ndio unaotenga maji ya nje na maji ya ndani. Pasipo ukuta huo hakuna mkoko, hakuna changu, wala hakuna mkuu wa idara.

Kolesteroli, ambayo siku hizi jina lake hutajwa kwa hofu, ni sehemu ya ukuta huo huo katika miili ya wanadamu na wanyama. Kutokana nayo mwili hutengeneza homoni za uzazi na chumvi za nyongo, na ngozi yetu, ikipigwa na jua, hutengeneza vitamini D kutokana na jamaa yake wa karibu. Ubongo nao ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni lipidi. Nyuzi za neva zimevikwa ala ya mafuta kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki, na ala hiyo hujengwa kwa kasi kubwa tangu mtoto akiwa tumboni hadi miaka yake ya kwanza. Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yote hutoka katika mafuta. Maumbile hayakumpa mtoto mchanga chakula cha chukuchuku.

Zaidi ya hayo, zipo asidi za mafuta ambazo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Jambo hilo lilifunuliwa huko Marekani mwaka 1929 na George na Mildred Burr, walipowalisha panya chakula kisicho na mafuta wakawaona wanadhoofika na kuharibika ngozi. Asidi moja ya namna hiyo, iitwayo linoleki, imejaa katika ufuta na imo kwa wingi katika karanga. Zile za jamii ya omega-3, ambazo ubongo na macho huzihitaji sana, hupatikana kwa wingi katika samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa.

Sasa turudi kwenye kile kisamvu cha chumvi. Majani yake yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ya maradhi mengi ya utotoni. Lakini karotini nayo ni ya ukoo wa lipidi. Haiyeyuki katika maji, na tumboni huhitaji mafuta ya kuichukua na kuipitisha. Watafiti wa lishe wameona kwamba gramu 3 hadi 5 za mafuta katika mlo zinatosha kuifungulia njia. Kiasi hicho ni kijiko kimoja cha chai. Mama aliyechuma kisamvu shambani, akakitwanga, akakaa nacho mekoni mpaka kikaiva, kisha akakipakua bila tone la mafuta, amefanya kazi ambayo sehemu kubwa ya faida yake hupita katika mwili wa mtoto bila kushika.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi: kuna malaria, kuna maji machafu, kuna minyoo, kuna mama asiyepumzika akiwa mjamzito. Hatusemi kwamba kijiko cha mafuta ni dawa ya yote hayo. Tunasema ni dawa ya sehemu mojawapo, na kwamba sehemu hiyo tunayo wenyewe shambani.

Huenda wakawapo watakaoona ajabu gazeti kuifanya habari ya kijiko kuwa ni jambo la dola. Historia ya mji wa Mtwara inawajibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na raia wake waliendelea kugawiwa mafuta kwa kipimo hadi mwaka 1954. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipeleka kwa Serikali ya nchi hiyo pendekezo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, ikafuatwa na Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo reli ililazwa kutoka pwani ya kusini kwenda Nachingwea, na bandari yenye kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mvua zilikuwa haba, udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama saruji, na matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Mpango ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikosea katika kilimo, na waliwakosea wenye ardhi. Lakini walijua thamani ya walichokuwa wakikitafuta: dola kubwa ilivuka bahari kutafuta mafuta ya kuweka mezani kwa raia wake. Bandari waliyoiacha ingali inafanya kazi, na inaendelea kuyapeleka mafuta kwa watu wengine.

Korosho zetu nyingi bado husafirishwa zikiwa katika maganda, hasa kwenda India na Vietnam. Mavuno yaliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 yaliporomoka vibaya katika miaka ya 1980, kisha yakapanda hadi kuzidi tani 300,000 msimu wa 2017/18. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kuanzia miaka ya 1970 vingi vilisimama, na baadhi vikageuzwa maghala. Hasara hapo si ya kiini peke yake. Katika ganda mna mafuta mengine, yasiyolika, yale yanayobabua vidole vya akina mama wabanguaji. Ni silaha ya mti dhidi ya wadudu, na katika viwanda hutumika kutengenezea vifaa vya breki za magari, rangi na vanishi. Sisi huuza ganda, kisha tukanunua breki. (Bibo halimo katika hesabu hii, kwa kuwa halina mafuta ya kutajika, lina maji na sukari, na lina wapenzi wake ambao leo hatutawasemea.)

Wakati huo huo, kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayotumika Tanzania yamekuwa yakinunuliwa nje, na mengi yake ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Mwaka 2022, Indonesia ilipozuia kwa majuma kadhaa kuyauza mawese yake nje, na huku vita vya Ukraine vikiwa vimekwamisha mafuta ya alizeti, bei ilipanda hadi katika kibanda cha mwisho kisiwani. Mwenye kuvua Msimbati alilipia uamuzi uliopitishwa Jakarta. Na mnunuzi maskini hununua mafuta kwa kipimo cha kibaba cha soda, hivyo bei ikipanda kidogo, kwake yeye hukatika kabisa.

Tunafahamu kwamba wataalamu wetu wa afya wanaonya juu ya mafuta, na onyo lao ni la haki. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo vinaongezeka. Mafuta yaliyochemshwa mara kumi katika karai moja la chipsi si chakula cha kusifiwa, na yale yaliyogandishwa viwandani kwa kuongezewa haidrojeni yaliharibu mishipa ya watu wengi duniani kabla ya Shirika la Afya Duniani kutoa wito mwaka 2018 yaondolewe. Lakini onyo lisomwe na anayehusika nalo. Ofisa anayekula nyama ya kukaanga kila siku na kurudi nyumbani kwa gari anahusika nalo. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu akiwa amekunywa uji wa unga na maji hahusiki nalo, na ni dhuluma kumwekea hofu ya kitambi ambacho si chake.

Basi tufanye hesabu ya shule moja. Gramu 10 za karanga zilizosagwa zina kama gramu 5 za mafuta, yaani kile kijiko chetu, na juu yake zina protini. Shule yenye watoto 500 itahitaji kilo 5 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Jumla yake ni kilo 970, kama magunia kumi ya kilo mia mia. Magunia kumi ya karanga kwa mwaka mzima, kwa shule nzima, katika nchi inayolima karanga! Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapo hapo Mtwara, kimewatolea wakulima mbegu bora za karanga na ufuta, zikiwamo karanga za Pendo na ufuta wa Lindi 2002. Utaalamu hauko mbali, wala zao haliko mbali.

Viongozi wa ushirika nao tunawaomba wayafikirie haya wakati wa minada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, umemfundisha mkulima kukusanya na kuuza pamoja. Hakuna sababu chama hicho hicho kisiwe na mashine ya kukamua ufuta kwa ajili ya wanachama wake, mafuta yakabaki kijijini na mashudu yakaenda kwa kuku. Mkulima naye asiuze hadi punje ya mwisho. Debe moja la ufuta lililobakizwa nyumbani lina mafuta ya mchuzi kwa siku nyingi, na mkewe asilazimike kuomba fedha ya kibaba dukani.

Ndugu zetu wa visiwani, nyinyi mnayo ile sehemu ambayo Mpapura haina. Ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650, mikoko na matumbawe ndivyo vinavyolea samaki mnaoishi kwao. Kibua mwenye mafuta ana thamani katika ubongo wa mtoto kuliko kipande cha nyama ya ng'ombe. Ila mafuta yake ni ya ile minyororo iliyopinda, na palipopinda ndipo hewa ya oksijeni inaposhambulia. Akiachwa juani siku tatu juu ya mchanga, huchacha, akapoteza kile alichopendwa kwacho. Afadhali awahiwe kwa chumvi au kwa moshi, au auzwe angali mbichi. Likiwapo barafu na gari la kuaminika, kibua angefika Mpapura siku ile ile, na debe la karanga lingerudi naye pwani. Biashara hiyo ni ya kilomita chache, wala haihitaji meli.

Rasimu za bajeti za halmashauri hukamilishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi wa Julai. Tungependa kuona humo mstari mmoja ulioandikwa karanga za uji wa shule, pamoja na idadi ya magunia, bei yake, na jina la chama cha ushirika kitakachozileta.